Inawaka, Lakini Haiamki

Mpwa wangu alibonyeza kitufe mwendo wa saa mbili usiku. Feni zikazunguka, taa nyekundu na za buluu zikaumulika ukuta wa sebule yangu ukafanana na baa ya kule stendi, na skrini ikabaki nyeusi. Tukangoja. Dada yangu, mamake kijana, alikuwa ameacha ugali mekoni aje ashuhudie. Aliitazama skrini, akamtazama mwanawe, akarudi jikoni bila neno. Kimya kile kilimuuma kijana kuliko matusi.

Kompyuta hiyo ilikusanywa kwa miezi kumi na mmoja. Kasha lilitangulia kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi, likalala mvunguni mwa kitanda likiwa tupu, na wadogo zake wakalifanya ghala la madaftari. Ikafuata bodi, kisha pawa saplai, kisha vijiti viwili vya ram, na mwisho kabisa prosesa, ambayo aliibeba katika mfuko wa shati kutoka Nairobi hadi kwetu Kiritiri, kiganja kikiwa kifuani safari nzima kana kwamba anaapishwa. Pesa zilitoka shambani. Ndengu zilinunua bodi. Muguka, yale majani ya kutafuna, ulinunua vilivyobaki. Asiyeijua Mbeere atashangaa, ila huku kwetu muguka umelipa karo, umelipa mahari, na sasa umelipia prosesa. Nia yake ilikuwa kuhariri video za harusi na za mazishi, biashara ambayo sijaiona ikikosa wateja.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, na betri, balbu na swichi nimezichora ubaoni hadi naweza kuzichora nimefumba macho. Usiku ule elimu hiyo yote ilinisaidia kufanya jambo moja tu: nilibonyeza kitufe tena. Nikakibonyeza mara ya tatu, nikakishikilia, nikakiachia ghafla, nikalipiga kasha kofi la ubavuni kama tulivyozoea kuzipiga redio zamani. Mpwa wangu aliniangalia kwa heshima, akasema taratibu, "Mjomba, hebu tulale."

Asubuhi tuliipeleka sokoni kwa bodaboda, yeye amepakata kasha, mimi nyuma kwenye pikipiki ya pili na skrini iliyoviringishwa blanketi. Fundi tuliyemwendea ana banda la mabati lenye meza moja, rafu ya redio zisizo na migongo, sabufa tatu za wateja waliosahau, na trei ya mayai ambayo kila shimo lake lina skrubu za aina moja. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, niliyemfundisha darasa la saba na la nane. Kusema kweli simkumbuki vizuri darasani. Mwalimu hukumbuka waliopasi sana na waliopiga kelele sana, na yeye hakuwa katika makundi hayo.

"Ina shida gani?" akauliza.

"Haiwaki," nikasema.

"Haiwaki ama haiamki, mwalimu?"

Ilibidi nikae. Kwetu sisi wateja mashine ikigoma imegoma, na neno moja latosha. Kwa fundi maneno hayo mawili ni maradhi mawili tofauti. Isiyowaka ni ile unayoibonyeza ikabaki kama jiwe, hakuna feni, hakuna taa. Hiyo huanziwa ukutani: soketi, plagi, swichi ya nyuma ya pawa saplai, na kwa zile za bei ya chini, kile kiswichi chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 240. Kiswichi hicho kikiachwa kwenye 115, utasikia mlipuko na harufu ambayo hutaisahau. Inayowaka isiamke ni nyingine. Hiyo ina mwili lakini haina fahamu. Feni zinazunguka kwa sababu feni haihitaji akili, inahitaji volti 12 tu. Lakini prosesa haijaanza kusoma maagizo ya bayosi, ile programu ya kwanza ya kuamshia mashine, au imeanza ikakwama kabla ya kutoa picha. Kisha kuna ya tatu, inayowaka na kuzima papo hapo, ambayo siku ile sikujua kwamba tungekutana nayo.

Akauliza tena, "Imewahi kuamka hata mara moja?"

"Hata mara moja," akajibu mpwa wangu.

Fundi akashusha pumzi. Baadaye nilielewa kwa nini. Mashine iliyofanya kazi jana ikagoma leo ina historia. Unaiuliza: kimebadilika nini? Radi ilipiga, mtoto alimwaga chai, stima ilipotea ikarudi kwa kishindo. Umeshika ncha ya uzi, kilichobaki ni kuvuta. Mashine mpya haina jana. Hakuna anayeweza kuapa kwamba bodi ilikuwa nzima, wala ram, wala prosesa. Kila kipande ni mshukiwa na hakuna shahidi hata mmoja. Tena mjenzi mwenyewe, ambaye angekuwa shahidi, ndiye mshukiwa wa kwanza, kwani kipande kutoka kiwandani mara nyingi huwa kimepimwa kabla ya kufungwa, na mkono wetu haujapimwa na yeyote.

Ndiyo maana hakugusa kitu kabla ya kumhoji kijana. Ulianza na nini? Prosesa ilikaa yenyewe au uliisukuma? Ulipaka pesti kiasi gani? Skrini uliichomeka wapi? Mlipoona imekataa mlifanya nini? Hapo nilitazama nje, kwenye lori la mchanga lililokuwa likipita, lakini mpwa wangu akasema, "Mjomba aliipiga kofi." Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi niliumbuliwa mapema. Fundi hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kama daktari aliyeambiwa kuwa mgonjwa alishapewa mitishamba.

Alipoinama kuchomeka plagi, stima ikapotea.

Mgeni akiambiwa kwamba Kiritiri hupotewa na stima, hudhani ni mzaha. Mto Tana uko pale chini, na juu yake mabwawa matano yamefuatana kama shanga: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma lilitangulia, mwaka 1968. Kiambere likaja 1988. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Nyaya zake kubwa hupita juu ya mashamba ya ndengu zikielekea kwa wengine, na sisi tulio chini yake tunanunua mishumaa. Nimelalamikia jambo hili miaka mingi katika vikao vya chifu, sitalirudia hapa.

Tukiwa tumekaa gizani, hadithi ikaja yenyewe, maana hapa hakuna asiyeijua. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajikata. Mashine nyingine zikabaki na mzigo usio wao, zikazidiwa, zikajizima, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa bila umeme kwa zaidi ya saa tatu. KenGen, wanaoendesha kituo hicho, walitoa taarifa pamoja na picha ya mhusika, aliyenusurika na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wamarekani wana nondo wao aliyenaswa ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II mwezi Septemba 1947, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kazi, na mpaka leo wanamhifadhi katika jumba la makumbusho. Nondo yule alizima mashine moja. Tumbili wetu alizima jamhuri.

"Siku hiyo," fundi akasema, "niliitwa nyumba nne kutengeneza TV. Zote zilikuwa nzima."

Nimelitafakari neno lake mara nyingi tangu hapo. Mtu wa Kisumu aliyekuwa akiitazama balbu yake siku ile angeweza kuibadilisha mara kumi, abadilishe na swichi, aite na fundi wa waya, na kosa liko kando ya mto Tana, limekaa juu ya transfoma. Dalili inaonekana pale macho yako yalipo, kosa linaishi kwao. Skrini nyeusi ya mpwa wangu haikusema kwamba skrini ni mbovu. Ilisema tu kwamba mahali fulani, katika safari ndefu kutoka soketi ya ukutani hadi kioo, jambo fulani halikutendeka.

Stima haikurudi, na fundi hakungoja. Alifungua ubavu wa kasha, akawasha tochi ya simu, akaiuma kwa meno, akaanza kutazama. Alitazama kwa muda mrefu hata nikaona haya kwa niaba yake, kama mtu anayemwona mwenzake akisoma barua polepole mno. Alifuata kila waya kwa kidole kutoka unakotoka hadi unakoingia. Alifika nyuma ya bati unakofichwa uchafu wa nyaya, akavuta, ukatoka waya wenye pini nane uliokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya plastiki.

"Huu ulikuwa wa nini?"

"Nilidhani ni wa kadi ya picha, dada. Sina kadi ya picha, kwa hiyo nikauficha."

Bodi ya siku hizi hulishwa kwa midomo miwili. Mmoja ni mpana, wa pini 24, unalisha mwili wote. Mwingine ni mdogo, wa pini nne au nane, uko juu kabisa karibu na prosesa, na unalisha prosesa peke yake. Ukisahau ule mdogo, taa zitawaka, feni zitazunguka, nyumba itapendeza, na prosesa itabaki na njaa. Ndilo kosa la wajenzi wapya kila mahali, na lilipatikana Kiritiri pasipo hata chembe ya umeme, kwa tochi na macho.

Mimi nilikuwa tayari kusimama niende zangu. Fundi aliuingiza waya mahali pake, ukasema *ta*, kisha akaendelea kutazama kana kwamba hajapata kitu. Alivuta vijiti vya ram, akavisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya kawaida ya wanafunzi, akabakisha kimoja tu na kukibonyeza hadi vishikizo vikajifunga vyenyewe. Ni hapo nilipoanza kuuona ufundi wenyewe. Kupata kosa si kazi kubwa. Hata mimi ningeweza kuliona kwa bahati. Kazi ni kutokubali kupumbazwa na kosa la kwanza. Furaha ya kupata humfanya mtu afunge kasha.

Stima ilirudi saa tano kasorobo. Akabonyeza. Feni zikashtuka, zikageuka robo mzunguko, zikafa. Taa zikameta na kuzimika. Akazima nyuma, akangoja, akajaribu tena. Hali ile ile.

Mpwa wangu uso ulimshuka. "Dada, tuurudishe ule waya. Afadhali ilivyokuwa."

"Hapana," fundi akasema. "Jana ilikuwa imenyamaza. Leo imekataa. Kukataa ni jibu."

Nimewahi kuwa na wanafunzi wa aina hii, na ninakiri kwamba niliwaelewa vibaya. Mtoto anayekosea kila hesabu kwa namna tofauti humwezi; anayekosea zote kwa namna moja ameshakuonyesha ugonjwa uliko. Kompyuta ile ilikuwa imekuwa mbaya zaidi baada ya kutengenezwa vizuri, na mtu wa kawaida huona hapo sababu ya kurudi nyuma. Fundi aliona amesogea. Pawa saplai nzima ina mlinzi ndani yake: ikihisi kwamba umeme unatoroka kwa njia ya mkato, yaani kuna shoti, hujifunga mara moja kabla ya kitu kuungua. Jana mlango wa prosesa ulikuwa umefungwa, kwa hiyo shoti, kama ilikuwapo upande huo, haikuwa na umeme wa kutorosha. Leo mlango umefunguliwa, mlinzi amepiga kelele. Kosa la kwanza lilikuwa limelificha la pili, na kwa namna fulani lilikuwa limeilinda bodi.

Lakini hiyo bado ilikuwa dhana, na yeye hafanyi kazi kwa dhana. Alianza kuondoa.

Hapa ndipo mafundi wanapoachana. Wapo ninaowaita mafundi wa kubadilisha. Wana rafu iliyojaa vipuri. Mashine ikija hubadilisha ram, ikikataa hubadilisha pawa saplai, ikikataa hubadilisha bodi, hadi ikubali, na ikikubali hawajui ni kipi kilichokuwa kibaya. Sina ugomvi nao sana. Ukiwa Luthuli Avenue, Nairobi, ambako duka la vipuri liko mlango wa tatu, kubadilisha ni njia ya haraka na mteja hana siku nzima. Kiritiri hakuna mlango wa tatu. Fundi hana bodi ya ziada ya aina ile wala prosesa ya kujaribia, na hawezi kumwambia mkulima wa muguka aende akanunue nyingine ili ajue kama ya kwanza ilikuwa mbovu. Kilichomo mezani ndicho kilichopo. Inabidi afikiri. Sisemi umaskini ni shule nzuri, nimeuona ukiharibu watoto wengi wenye akili. Nasema tu kwamba mwanamke huyu amejifunza kuuliza mashine maswali kwa sababu hakuwa na kipuri cha kumjibia.

Aliitoa pawa saplai nje, peke yake, haijaunganishwa na chochote. Akakunjua klipu ya karatasi, akaunganisha nayo waya wa kijani na mmoja mweusi katika ule mdomo wa pini 24, akaiwasha. Feni yake ikazunguka. Akaweka mita: 12, 5, 3.3. Zote zilikuwa sawa. Mshukiwa mmoja akaenda nyumbani.

Kisha akafungua skrubu za bodi moja moja, kila moja ikaingia katika shimo lake la trei ya mayai, akaitoa bodi nzima kutoka kwenye kasha na kuilaza juu ya katoni yake. Kijana alitaka kuutandika ule mfuko wa kijivu unaong'aa uliokuja na bodi. Fundi akauondoa. Mfuko ule umetengenezwa kuusambaza umeme usigande mahali pamoja. Si godoro la kulazia bodi yenye stima. Katoni kavu ndiyo godoro. Juu yake ikabaki bodi, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha ram, na kispika kidogo kama punje ya mahindi kilichochomekwa pembeni. Hakuna diski, hakuna taa za buluu, hakuna hata kitufe. Pini mbili za kitufe angezigusanisha kwa ncha ya bisibisi.

Mimi nilikuwa nimetazama kitu cha shilingi nyingi kikivuliwa nguo hadi kubaki mifupa, na nikakumbuka kwamba neno fundi na neno lililonipa mshahara miaka thelathini na mmoja, kufundisha, yote yametoka katika kufunda. Nilidhani siku zote kwamba kufunda ni kuongeza. Unampa mtoto hiki, kesho unampa kile. Hapa palikuwa na mtu anayejua kwa kupunguza.

Akagusa pini.

Feni ikazunguka. Haikusimama. Sekunde moja, mbili, nne. Kisha kile kispika kikasema *pi*, mara moja, kwa sauti ya kifaranga.

Mlio huo una umri mkubwa kuliko mpwa wangu. IBM walipoitoa kompyuta yao ya binafsi tarehe 12 Agosti 1981, waliifundisha ijikague yenyewe kila inapowashwa, kumbukumbu, kibodi, na kadhalika, na ikijiona nzima ilie mara moja kwa kifupi. Bodi nyingi za leo hazina hata kispika. Zimewekewa vitaa vinne vidogo vya kuonyesha ilipokwama, prosesa, ram, picha au diski. Fundi wetu hununua vispika vya mitumba na kuvitunza ndani ya chupa ya dawa. Anasema taa inahitaji utazame, mlio hukufuata hata ukiwa umegeuka.

Picha ikaja: maandishi meupe ya bayosi. Mpwa wangu aliinua mikono akasahau kuishusha. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na shahidi. Bodi ni nzima, prosesa ni nzima, ram hiyo ni nzima. Alichomeka kijiti cha pili, ikaamka tena. Basi mshukiwa alikuwa miongoni mwa vile tulivyoviacha nje ya katoni, na kilichobaki kikubwa kilikuwa kimoja: kasha. Bati. Kitu ambacho sote tulikiona kuwa nguo tu.

Aliliinamisha kasha kwenye mwanga wa mlangoni. Bodi hailazwi juu ya bati lenyewe. Hukaa juu ya vinguzo vya shaba, vifupi kama kifundo cha kidole, vinavyokazwa katika bati kulingana na matundu ya bodi. Alihesabu matundu ya bodi kwa sauti, kisha akahesabu vinguzo. Kinguzo kimoja kilizidi. Kasha lilikuwa limetobolewa kwa bodi kubwa na lilikuja na baadhi ya vinguzo vikiwa vimeshafungwa. Bodi ya kijana ni ya saizi ndogo, na kule juu, upande wa prosesa, tundu la bodi ndogo haliko mahali lilipo la bodi kubwa. Kinguzo cha bodi kubwa kilikuwa kimeachwa kimesimama, hakina tundu, kimeegemea mgongo wa bodi.

Akageuza bodi. Aliniita, "Mwalimu, njoo uone," akanipa lenzi yake. Pale ambapo miguu ya ule mdomo wa pini nane inatokezea nyuma, matone ya risasi yamepangwa safu mbili. Moja kati yake lilikuwa limebonyea, ncha yake imebapa na kung'aa kuliko wenzake, kama mahali kifaranga alipodonoa mara moja. Ndipo umeme wa prosesa ulipokuwa ukiingia katika shaba, katika bati, na kurudi ulikotoka bila kufanya kazi yoyote.

Alikifungua kinguzo kwa koleo, vidole vyake vikakimalizia, akakitia katika trei ya mayai, shimo la mwisho. Hakusema kitu. Kijana ndiye aliyesema, na alisema alichopaswa: "Ni mimi. Sikuhesabu." Fundi akamwambia kwamba hata yeye huanza na kujishuku mwenyewe, kila mara, kabla ya kumshuku aliyeuza. Wateja wengi humjia tayari wameshaandika ujumbe wa matusi kwa muuza duka.

Bodi ilirudi ndani, safari hii mjenzi akiwa kijana na fundi akiwa amekunja mikono. Huo nao ni ufundi, kutogusa. Tulipokuwa tukingoja, alitusimulia wengine aliowapokea: aliyechomeka skrini nyuma ya bodi ilhali ana kadi ya picha, akatazama giza siku mbili, na aliyenunua bodi iliyokaa dukani muda mrefu na prosesa mpya kuliko bayosi yake, zikakaa katika soketi moja bila kufahamiana. Hili la pili halikuwapata wa huku tu. Soketi ya AM4 ya AMD ilitoka 2016 ikapokea vizazi kadhaa vya prosesa, na mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikuwa ikiwaazima wateja prosesa ya zamani ili waamshe bodi, wasasishe bayosi, kisha wairudishe. Na yupo mmoja ambaye mashine yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na ram za DDR5, ambazo siku ya kwanza bodi huzipima na kuzizoea kwa dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi. Yeye alikuwa akiizima kila baada ya dakika moja, wiki nzima. Fundi aliibonyeza, akamtengenezea chai, chai ikaisha, picha ikaja. Alimtoza pesa za chai.

Ya kwetu iliamka saa nane na nusu mchana ikiwa ndani ya kasha, ubavu umefungwa, taa za buluu zote zikiwaka. Aliizima na kuiwasha mara tano, akaiacha saa nzima ikifanya kazi ngumu huku akigusa bati kwa mgongo wa mkono kupima joto, kwa sababu Kiritiri haina baridi ya Runyenjes na mchana wa huku hauna huruma. Alitoza shilingi mia tano. Nilitoa elfu moja nikamwambia abaki nazo, akanirudishia mia tano na kuniuliza kama nyumbani nina redio iliyoharibika.

Ninayo. Nitaipeleka wiki ijayo, na sitaipiga.

Wewe unayetaka kuunda yako, kabla ya kulaza bodi hesabu matundu yake, kisha hesabu vinguzo vya kasha. Hesabu zisipolingana, usiilaze.